Cyirima Rujugira, mwami aliyelazwa juu ya nyundo

Wamisri wa kale hawakuzikwa mikono mitupu. Katika kaburi la Kha na mkewe Merit, lililogunduliwa mwaka 1906, mlikutwa nyembe, vitana na vichupa vya wanja, kana kwamba wenyewe wangeamka na kujipamba. Wakazi wa Gisenyi hawana haja ya kwenda mbali kiasi hicho. Huko Gaseke, kaskazini mwa Rwanda, lilifukuliwa kaburi la Mwami Cyirima wa Pili Rujugira.

Wanahistoria wengi huuweka utawala wake katika karne ya 18. Alexis Kagame aliurudisha nyuma zaidi. Rujugira alikikalia kiti baada ya misukosuko iliyofuata enzi ya Yuhi Mazimpaka. Masimulizi ya kifalme humtaja kuwa mrithi halali, ilhali Jan Vansina alimwona kuwa mnyakuzi. Lisilobishaniwa ni vita. Burundi, Gisaka na Ndorwa zilimkabili, naye akaweka majeshi ya kudumu mipakani badala ya kungoja hatari ibishe hodi. Mwanawe Ndabarasa alipigana Ndorwa na baadaye akamrithi. Mwanawe mwingine, Gihana, alijitoa mhanga upande wa Burundi, kwa kuwa iliaminika kwamba damu ya mtu wa namna hiyo huipatia nchi yake ushindi.

Alipofariki, hakuzikwa. Mwili wake ulikaushwa kwa moto, ukalindwa na watunza siri za ufalme kizazi baada ya kizazi. Ulitiwa ardhini mwanzoni mwa miaka ya 1930 tu, siku zile zile Wabelgiji walipomwondoa Yuhi Musinga madarakani.

Mwaka 1969 mwanaakiolojia Francis Van Noten alilichimbua kaburi hilo. Mwami alikuwa na mapambo yake, zikiwemo shanga, kama wafu wengi wa Misri. Lakini chini ya kichwa chake, mahali pa mto, palikuwa na nyundo mbili za chuma.

Nyundo si chombo cha urembo. Ukoo wa Abanyiginya hujinasibisha na Gihanga, ambaye masimulizi humhusisha na uhunzi, na nyundo ilikuwa alama ya utawala wenyewe. Aliyemtayarisha Rujugira kwa safari hiyo hakushughulika sana na sura yake. Alimwachia cheo chake, kikiwa kizito na baridi, chini ya kisogo.