Molière na muchezo uliokatazwa karibu miaka mitano



Jina la Molière tunalisikia katika masomo ya Kifaransa kila mara. Wengi wetu tunajua tu kwamba alichekesha watu. Lakini maisha yake hayakuwa ya kicheko tu. Tumeona vizuri tuyaeleze hapa, zaidi juu ya muchezo wake Tartuffe, ambao unatuuliza neno kubwa: nani ana haki ya kuhukumu mwenendo wa wengine? Na mutu mubaya akikamatwa, tumufanyie nini?

Jina lake la kweli lilikuwa Jean-Baptiste Poquelin. Alibatizwa kule Paris tarehe 15 Januari 1622. Baba yake alikuwa fundi wa viti na mapazia, na alipata cheo cha kufanya kazi hiyo katika nyumba ya mufalme. Mama yake alikufa katika 1632. Baba alimutuma kusoma kwa mapadri Wajezuiti, na cheo cha baba kilikuwa kinamungoja: kazi ya feza, kazi ya heshima. Kumbe kijana alikuwa na roho ingine.

Katika 1643, pamoja na Madeleine Béjart na wenzao, alianzisha kundi la teatri lililoitwa Illustre Théâtre. Mwaka uliofuata alijipa jina la Molière. Lakini watazamaji walikuwa wachache na madeni yakazidi. Siku zile teatri iliangazwa na mishumaa, na hata mishumaa ilinunuliwa kwa deni. Katika 1645 muuzaji wa mishumaa alimushitaki, wakamufunga siku chache. Alipotoka hakurudi kwa viti vya baba. Alitembea na wenzake katika majimbo ya Ufaransa karibu miaka 13, wakicheza muji kwa muji. Njo kule alijifunza kazi kweli.

Tarehe 24 Oktoba 1658 walicheza mbele ya mufalme Louis XIV. Kwanza walicheza muchezo wa huzuni wa Corneille, lakini haukupendeza sana. Halafu Molière akaomba ruhusa ya kuongeza muchezo mufupi wa kuchekesha. Mufalme akacheka, wakapewa nafasi ya kucheza Paris.

Sasa tufike kwa Tartuffe. Orgon, tajiri wa Paris, anamuokota mutu anayejionyesha kuwa mutakatifu na kumuingiza katika nyumba yake. Tartuffe anasali mbele ya watu, lakini usiku anakula kwale wawili na nusu ya paja la kondoo. Orgon haoni kitu. Anataka kumupa binti yake, anafukuza kijana wake, anaandikia Tartuffe mali yote. Mwisho Elmire, bibi yake, anamuficha chini ya meza ili asikie mwenyewe namna mutakatifu yule anavyomutongoza muke wa rafiki yake.

Muchezo ulionyeshwa mara ya kwanza Versailles tarehe 12 Mei 1664. Mufalme hakuuchukia, lakini wakubwa wa dini walikasirika, naye akakataza usichezwe mbele ya watu wote. Padri mumoja aliandika kwamba Molière anastahili kuchomwa moto. Molière alijibu kwamba hacheki dini, anacheka wale wanaoivaa sawa nguo ya kuficha uovu. Alitengeneza muchezo upya. Tartuffe mwenyewe haingii mpaka sehemu ya tatu, ili watazamaji wakimuona wawe wanajua tayari kwamba ni munafiki, wasimuwazie kuwa mutu wa Mungu wa kweli.

Tarehe 5 Agosti 1667 alijaribu tena, akibadilisha jina la muchezo na jina la Tartuffe. Kesho yake tribinali kubwa ya Paris ikakataza. Mufalme alikuwa vitani, na Molière alituma wachezaji wawili mpaka Lille kumuomba. Askofu mukubwa wa Paris naye akakataza waamini kuutazama, kuusoma ao kuusikiliza, hata nyumbani. Molière hakuacha. Tarehe 5 Februari 1669 ruhusa ilitoka, na watu wakajaa kupita kipimo. Molière mwenyewe alicheza Orgon.

Ndugu wasomaji, tuangalie mwisho wa muchezo. Kwa sheria, Tartuffe ameshinda: karatasi zimetiwa sahihi, nyumba ni yake, mutumishi wa tribinali amekuja kufukuza wenyewe. Mufalme njo anavunja mapatano yale, anamusamehe Orgon kosa lake juu ya kazi njema aliyoifanya zamani, na Tartuffe anakamatwa. Orgon anaanza kumutukana. Lakini Cléante, shemeji yake, anamunyamazisha. Anamuambia asiongeze muzigo wa mutu aliyeanguka, bali atamani ageuze moyo, na mufalme apunguze azabu yake.

Molière mwenyewe hakufanyiwa hivyo. Tarehe 17 Februari 1673 alikuwa anacheza mutu anayejiwazia kuwa mugonjwa, kumbe yeye alikuwa mugonjwa kweli. Alimaliza muchezo kwa shida, wakamupeleka nyumbani, akafa usiku ule, mwenye miaka 51. Mapadri wawili walikataa kuja, wa tatu alichelewa. Kwa desturi ya kanisa kule, mutu wa teatri asiyekana kazi yake hakuzikwa katika udongo uliobarikiwa. Bibi yake Armande alikwenda kulia mbele ya mufalme. Mwisho askofu mukubwa alikubali, lakini azikwe usiku, bila ibada kubwa. Alizikwa tarehe 21 Februari.

Katika 1680 kundi lake na lingine la Paris yaliunganishwa kwa amri ya mufalme. Njo ile Comédie-Française inayocheza Tartuffe mpaka leo.

Kucheka Orgon chini ya meza ni rahisi. Kucheka Tartuffe akifungwa ni rahisi zaidi. Kwa hiyo klasi ikitaka kuonyesha muchezo huu, anayecheza Cléante asikimbize maneno yake ya mwisho. Ayaseme polepole, sisi tunaotazama tupate wakati wa kuacha kucheka na kujiuliza kama tungeweza kusema vile.