Padri Lataste, rafiki ya wenye kutoka gerezani

Katika siku hizi za yubile tunahesabu kwa furaha wabatizwa, ndoa na miito ya parokia yetu. Inafaa tuwakumbuke vilevile wale wanaorudi kwetu kutoka gerezani. Hapa Kamina, kama penginepo, mwenye kumaliza kifungo anafunguliwa mlango mmoja, kisha anakuta mingine imefungwa: jirani hamwamini, mwenye kazi anamkataa, hata watu wa jamaa yake wanamwonea haya. Kwa hiyo tumependa kusimulia maisha ya padri mmoja wa Ufaransa, aliyejitoa kabisa kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1832 katika mji wa Cadillac, karibu na Bordeaux, akaitwa Alcide-Vital Lataste. Katika mji huo ngome ya zamani ilikuwa imegeuzwa gereza la wanawake. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya karani wa kodi, na pamoja na wenzake wa Shirika la Mtakatifu Vincent de Paul aliwasaidia maskini. Mwaka wa 1857 aliingia katika shirika la Wadominiko, akapata jina la Jean-Joseph. Mwaka wa 1863 akapewa upadri.

Mwezi wa Septemba 1864 alitumwa kuhubiri mafungo katika gereza lile la Cadillac. Humo mlikuwa wanawake karibu 400, wengine wamehukumiwa kwa wizi, wengine kwa kuua mtoto mchanga. Padri aliwaita dada zake, akawaeleza huruma ya Bwana Yezu kwa wenye dhambi. Wengi waliungama, wakakesha kwa zamu mbele ya Ekaristi. Ndipo alipotambua kwamba wamoja kati yao walitamani kujitoa kwa Mungu, lakini hapakuwa na nyumba ya kuwapokea sawa na masista wengine.

Mwaka wa 1866 aliandika kitabu kidogo cha kuwatetea. Tarehe 14 Agosti mwaka ule ule, pamoja na Mama Henri-Dominique, alianzisha nyumba ya Bethania huko Frasne-le-Château. Humo waliotoka gerezani, baada ya muda wa kujaribiwa, waliishi pamoja na wasiofungwa kamwe: vazi moja, meza moja, na kila mmoja kunyamaza juu ya mambo ya kale ya mwenzake. Mgeni hakuweza kujua nani alitoka wapi. Hata kati ya Wadominiko walikuwako waliompinga, wakiogopa aibu kwa shirika.

Padri Lataste hakuona matunda mengi. Alishikwa na ugonjwa, akafariki tarehe 10 Machi 1869, mwenye miaka 36 tu. Lakini Masista Wadominiko wa Bethania waliendeleza kazi yake, na tarehe 3 Juni 2012, huko Besançon, alitangazwa Mwenye heri.

Sisi tunafanya vema tukimpelekea mfungwa chakula. Lakini siku anapotoka, kazi yetu haijaisha. Jumuiya hai zetu zimpe nafasi katika sala, jembe na kipande cha shamba, ao kazi ya kuanzia. Na tunyamaze juu ya kosa alilokwisha kulilipa, tusiwarithishe watoto wake.

Mwenye heri Jean-Joseph Lataste, utuombee.