Bruno Gutmann na Nadharia Isiyomo katika Muhtasari

Wanachuo wanaojiandaa kwa mtihani wa sosholojia ya elimu hutuuliza mara kwa mara kama yafaa kutumia katika insha nadharia isiyomo katika muhtasari wa somo. Badala ya kujibu kwa neno moja, tumeona afadhali tueleze maisha ya mtu aliyefanya kazi Kidia, Old Moshi, kwenye mteremko ulio juu ya soko letu la Kiboriloni.

Bruno Gutmann alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876. Alisomea umisionari Leipzig, mji ambamo Wilhelm Wundt alikuwa akifundisha kwamba lugha, mila na ngano ni kazi ya jamii nzima wala si ya mtu mmoja mmoja. Gutmann aliathiriwa na mawazo hayo, na mwaka 1902 akaja nayo Afrika Mashariki. Alikaa Old Moshi kuanzia 1910, akaondolewa nchini 1920 baada ya Vita Kuu, akarudi 1925, na kuondoka kabisa 1938.

Nadharia yake ilisema kwamba binadamu hulelewa na vifungo vitatu vya asili: ukoo, ujirani na rika. Lakini hakuishia kuvitaja. Aliketi na wazee, akaandika jinsi ukoo ulivyorithisha kihamba, jinsi majirani walivyotunza mfereji mmoja, na jinsi vijana wa rika moja walivyofundishwa kwa kijiti kilichochongwa alama, kila alama na somo lake. Kitabu chake juu ya sheria za Wachaga kilitoka 1926. Mafunzo ya vijana yalijaza juzuu tatu, zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Sisi walimu tuna haki ya kuyaonea fahari mafunzo hayo, maana yalikuwa na mpangilio kamili kabla ya ubao na chaki kufika mlimani.

Hapo ndipo insha nyingi huanguka. Mwanachuo hutaja mtaalamu ambaye wenzake hawajamsikia, humpamba kwa sifa, na swali likabaki bila jibu. Swali likihusu shule na jamii, nadharia ya Gutmann yatosha kuelezwa kwa sentensi mbili. Nafasi iliyobaki ni ya mfereji, rika na kijiti, na ya namna shule ilivyotwaa sehemu ya malezi hayo.

Tena kuna upande wa pili. Gutmann aliutilia shaka ustaarabu wa mijini na wa fedha, akiona kwamba unakata vifungo vya asili. Lakini mwaka 1925, mwaka ule ule aliorudi, wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ukafuata ushirika wa KNCU. Watu wa koo mbalimbali waliungana kwa ajili ya kuuza kahawa, na kifungo hicho hakimo katika vile vitatu. Kwa maoni yetu, aya itakayoonyesha jambo hili yastahili alama nyingi kuliko ukurasa mzima wa kumsifu. Gutmann alifariki Ujerumani mwaka 1966, na KNCU ilikuwa ingali ikikusanya kahawa ya mlimani.