Ahmad bin Musa wa Baghdad, Fundi wa Milango Inayojifunga

Sisi watu wa pwani hatuijui baridi. Mtu wa Mombasa akijifunika shuka mbili mwezi wa saba hudhani ameshaionja. Mimi nami nilikuwa na dhana hiyo mpaka nilipokwenda Nunguni, juu ya milima ya Kilungu huko Makueni. Dada yangu ameolewa huko, na mumewe asili yake ni Kitui, mji ambao una Waislamu tangu zama za misafara iliyokuwa ikishuka pwani na pembe. Nilifika magharibi, ukungu umekwisha kuufunika mlima, na watoto wameizunguka hita ya gesi kama vifaranga.

Zamani nyumba ile ilikuwa ikiota makaa kutoka Kitui. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipopiga marufuku kuyasafirisha makaa nje ya kaunti, shemeji yangu aliona afadhali anunue hita: sanduku la bati, mtungi wa gesi umewekwa nyuma yake, na mbele moto wa buluu na mwekundu.

Nililala ukumbini pamoja na watoto, wao wakiwa kwenye godoro chini. Yapata saa nane za usiku niliamshwa na harufu. Upepo uliopita chini ya mlango ulikuwa umeuzima moto, lakini gesi ilikuwa ikiendelea kutoka. Nikaufunga mtungi, nikawatoa watoto nje, nikafungua milango na madirisha. Swichi ya taa sikuigusa, wala kiberiti. Alhamdulillahi, hakuna aliyedhurika.

Kulipopambazuka nikaikagua hita ile, nikakuta kibofyo cha kuwashia kimefungwa kwa waya ili kisirudi juu. Shemeji hakunificha. Hita ilikuwa na tabia ya kujizima kila baada ya dakika chache, naye akachoka kuamka usiku kucha kuiwasha. Hapo ndipo nilipomkumbuka Ahmad bin Musa.

Bwana huyu alikuwa mmoja wa ndugu watatu waliojulikana kwa jina la Banu Musa, yaani wana wa Musa bin Shakir, walioishi Baghdad katika karne ya 9. Ndugu zake walikuwa Muhammad na Hasan. Wasimulizi wa kale wanaeleza kwamba baba yao ujanani alikuwa mnyang'anyi wa njiani huko Khurasan, kisha akaiacha kazi hiyo na kushika elimu ya nyota, akawa mtu wa karibu wa al-Maamun. Musa alifariki watoto wake wangali wadogo. Al-Maamun, aliyekuwa Khalifa tangu 813 hadi 833, hakuwatupa mayatima wale. Aliwakabidhi kwa watu wake wa kuaminika wawalee na kuwasomesha katika Bait al-Hikma, ile nyumba mashuhuri ya elimu, na hata alipokuwa mbali vitani alikuwa akiandika barua kuwaulizia.

Malezi hayo hayakupotea bure. Muhammad alibobea katika nyota na hesabu, Hasan katika jometri, na Ahmad akapenda vyombo vinavyofanya kazi vyenyewe. Walipopata mali waliitumia kutafuta vitabu vya Kiyunani na kuwalipa wafasiri. Miongoni mwa waliofanya kazi nao ni Hunayn bin Ishaq na Thabit bin Qurra, majina ambayo kila mpenzi wa historia ya elimu anayajua.

Kitabu kilichomfanya Ahmad akumbukwe ni Kitab al-Hiyal, kilichotungwa yapata mwaka 850. Kina vyombo kama 100, na wajuzi huitakidi kwamba vingi ni kazi yake. Baadhi ni vya kustaajabisha wageni karamuni, kama vile mabirika ya hila na chemchemi zinazobadilisha umbo la maji. Lakini vingine ni vya manufaa makubwa: taa inayojivuta utambi na kujitilia mafuta, taa isiyozimwa na upepo, na kifaa cha kumwezesha mtu kufanya kazi kisimani penye hewa mbaya. Watu wa Kitui na Makueni, ambao hutafuta maji katika visima na chini ya mchanga wa mito iliyokauka, wangeifahamu mara moja thamani ya kifaa hicho cha mwisho.

Roho ya vyombo vingi vya Ahmad ni vali, yaani mlango mdogo wa kupitisha au kuzuia maji, mafuta au hewa. Aliyoitumia sana ina umbo la pia: kizibo kilichochongoka, kinachokaa katika tundu lililotengenezwa kwa kipimo chake hasa. Kizibo hicho akikiunganisha na boya, maji yakipanda boya hupanda na mlango hufungwa. Maji yakishuka, boya hushuka na mlango hufunguka. Hakuna mtumishi anayesimama kuangalia. Ni kweli kwamba Wayunani walimtangulia katika elimu hii, lakini yeye aliiendeleza kwa ustadi mkubwa. Tangi la maji la choo majumbani mwetu hufuata kanuni hiyo hiyo mpaka leo.

Na hita ya Nunguni je? Nayo ina milango ya namna hiyo. Wa kwanza umo katika regyuleta, kile kichwa kinachopachikwa juu ya mtungi. Ndani yake mna utando wa mpira na springi. Gesi ikisukuma kwa nguvu, utando huinuka na njia huwa nyembamba. Nguvu ikipungua, springi huirudisha wazi. Utando ule unafanya kazi ya boya.

Mlango wa pili umo ndani ya hita yenyewe, na huu ndio uliofungwa waya. Unapokibofya kibofyo, unaifungua vali kwa mkono, na inabidi ukishikilie kwa sekunde kadhaa baada ya moto kushika. Kando ya moto pana ncha iliyotengenezwa kwa madini mawili yaliyounganishwa. Ncha hiyo ikipata moto hutoa umeme mdogo sana, lakini unaotosha kuipa nguvu sumaku inayoishikilia vali wazi. Moto ukizimika, ncha hupoa, sumaku hulegea, na springi huufunga mlango. Vali hii haina haja ya ahadi za mtu. Inataka ushahidi wa moto, na ushahidi ukikosekana hufunga.

Basi hita ya shemeji haikuwa na ukaidi wowote. Ncha ilikuwa imejaa masizi, haipati joto la kutosha, na vali ikadhani moto umezimika. Waya ule ulimfunga mikono mlinzi pekee wa nyumba. Na gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, pale pale walipolala watoto. Hata harufu yake imetiwa kiwandani makusudi ili watu waizindukie.

Sikumlaumu sana shemeji, kwa maana Ahmad mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliwahi kukosea kwa namna ya kufanana na hiyo. Khalifa al-Mutawakkil alimwagiza yeye na Muhammad wachimbe mfereji wa kuupelekea maji mji wake mpya wa al-Jaafariyya. Wao wakamwachia kazi al-Farghani, wasiikague. Mdomo wa mfereji ukachimbwa kwenda chini kuliko sehemu iliyobaki, na maji yasingepita ila mto Tigris ukiwa umejaa. Khalifa aliposikia alighadhibika, na ndugu wale wakawa katika hatari ya kuuawa.

Aliyeweza kuwaokoa ni Sanad bin Ali, mhandisi waliyekuwa wamemfitini akawekwa mbali na Khalifa. Walikuwa pia wamemfitini mwanafalsafa al-Kindi hata wakachukua vitabu vyake. Sanad alikubali kuwasitiri kwa sharti moja: vitabu vya al-Kindi virudishwe kwanza. Vikarudishwa. Sanad akamwambia Khalifa kwamba mfereji hauna kasoro, kwa kuwa mto ulikuwa umejaa na kasoro isingeonekana kwa miezi kadhaa. Kabla maji hayajashuka, al-Mutawakkil aliuawa, mwaka 861, na ndugu wale wakasalimika. Muhammad alifariki mwaka 873, na kitabu cha Ahmad kipo mpaka leo.

Siku ile ile fundi alikuja kutoka Wote, akaondoa masizi na kubadilisha ncha. Waya aliukata shemeji kwa mkono wake. Tukakubaliana pia kwamba watoto wahamie chumba kingine, na dirisha moja la ukumbini liachwe wazi kidogo, kwani moto wa gesi nao hula hewa ya chumba kama ulivyo wa makaa.

Usiku wa pili nilikaa macho makusudi. Upepo ukaja tena, moto ukazimika. Nikangoja gizani, pua wazi. Haukupita muda nikasikia mlio mdogo ndani ya bati, tak, mlango umejifunga. Nikajifunika blanketi langu nikalala.