Bruce Lee na Mgongo Wake

Katika Kiswahili cha Goma neno "karate" limemeza majirani zake wote. Judo ni karate, kung-fu ni karate, hata mtoto anayerusha teke mbele ya duka huko Birere, huyo naye anafanya karate. Sisi wa isimu tunaita jambo hilo upanuzi wa maana. Ajabu ni kwamba mtu ambaye sura yake huwajia wengi neno hilo likitajwa hakuwa mwanakarate, tena alichoshwa na majina ya mitindo.

Bruce Lee alizaliwa San Francisco, Marekani, tarehe 27 Novemba 1940, wakati baba yake, mwigizaji wa opera ya Kikantoni, alikuwa huko kwa maonyesho. Alikulia Hong Kong, akipigana sana barabarani, akajifunza Wing Chun katika shule ya Ip Man. Mwaka 1958 alishinda ngumi za mashuleni na vilevile mashindano ya kucheza cha-cha. Watu husahau hiyo cha-cha. Mimi nadhani wepesi wa miguu yake haukutoka kwenye ngumi peke yake. Mwaka 1959 akarudishwa Marekani.

Huko Oakland, mwaka 1964, alipambana na Wong Jack Man. Pambano hilo husimuliwa kwa namna nyingi, lakini yeye hakuridhika nalo: lilichukua muda mrefu mno na pumzi zilimwishia. Wing Chun peke yake haikumtosha tena. Akachukua kwa mabondia, akachukua kwa Wazungu wa mchezo wa vitara, akakaa akitazama filamu za Muhammad Ali, yule yule aliyekuja kupigana Kinshasa Oktoba 1974. Mchanganyiko huo aliupa jina mwaka 1967: Jeet Kune Do. Kwa Kikantoni *jeet* ni kukatiza, *kune* ni ngumi, *do* ni njia. Maana yake, usikinge kwanza ndipo upige. Ngumi yako iondoke wakati ya mwenzako ingali njiani. Kwa anayejilinda, hasa mwenye mwili mdogo, vitendo viwili vikiwa kimoja ni muda aliouokoa. Bruce mwenyewe alikuwa na kilo sitini na kidogo tu.

Agosti 1970 alijitwika chuma mabegani, uzito unaokaribia wake mwenyewe, akainama mbele na kuinuka, bila kupasha mwili joto vya kutosha. Akaumiza neva ya sehemu ya chini ya mgongo. Madaktari wakamwamuru alale, na mateke ayasahau. Alikuwa na watoto wawili wadogo na pesa hakuna; mkewe Linda akaenda kufanya kazi, yeye akabaki kitandani miezi kadhaa akijaza madaftari kwa maandishi na michoro. Sehemu kubwa ya kitabu *Tao of Jeet Kune Do*, kilichotoka mwaka 1975, ilitoka katika maandishi ya siku hizo. Kwa hiyo ukurasa ambao watu wanaufungua ili kujua namna ya kuchanganya mitindo uliandikwa na mtu asiyeweza kuinama.

Alirudi mazoezini polepole, akianza na mepesi. Maumivu hayakumwacha kabisa, na mateke yote tunayoyaona katika filamu zake za 1971 hadi 1973 yalirushwa na mgongo huo. Hapa kwetu kuna vijana wanaoshinda wakisukuma chukudu iliyojaa magunia ya makala, na jioni wanafika mazoezini, kiuno tayari kimechoka, wakitaka teke la juu usiku uleule wa kwanza. Mji wetu unampa kila mtu sababu ya kutaka kujilinda, siwalaumu. Lakini katika maisha ya Bruce Lee mimi ningewasimulia kwanza ule mwezi wa Agosti, kabla ya filamu yoyote.

Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, ubongo ukiwa umevimba, akiwa na miaka 32. *Enter the Dragon* ilikuwa haijaonyeshwa bado. Alizikwa Seattle, na tangu 1993 mwanawe Brandon amelala kando yake.