Frank Hornby: Karani aliyeikunja reli ikatoshea mezani

UKITAKA kujenga reli ya treni ya kuchezea chumbani, swali la kwanza si treni gani utanunua. Swali ni kona zako zitakuwa na ukubwa gani. Treni haigeuki papo hapo ikifika ukutani kama bodaboda. Lazima izunguke, na mzunguko huo unakula nafasi.

Mmoja wa waliolitafutia swali hilo jibu ambalo familia ya kawaida ingeweza kuishi nalo hakuwa mhandisi. Alikuwa karani wa hesabu mjini Liverpool, Uingereza.

Frank Hornby alizaliwa Mei 15, 1863. Babake alikuwa mfanyabiashara wa vyakula, na Frank alipomaliza shule aliingia katika biashara hiyo akishika hesabu. Tangu utotoni alitamani kuwa mvumbuzi. Aliwahi hata kujaribu kuunda mashine ya kujiendesha milele bila nguvu yoyote. Bila shaka ilikwama.

Mwaka 1887 alimwoa mwalimu, Clara Godefroy, wakajaliwa wavulana wawili na msichana. Babake alipofariki mwaka 1899, biashara ikafungwa, na Frank akaajiriwa kushika vitabu vya David Elliott, mwagizaji wa nyama.

Jioni akitoka kazini, alikata vipande vya bati kuwaundia wanawe madaraja na kreni. Kero ilikuwa moja: kila mashine mpya ilidai vipande vipya. Ndipo akapata wazo. Kwa nini vipande vyote visitobolewe matundu yaliyoachana kwa kipimo kimoja, yaani nusu inchi? Hivyo kipande kilichokuwa ukingo wa daraja leo, kesho kingekuwa mkono wa kreni.

Alikopa pauni 5 kutoka kwa bosi wake, na Januari 1901 akaomba hataza. Elliott akawa mshirika wake. Kufikia 1907 mchezo huo ulipewa jina Meccano, na mwaka 1914 kiwanda kikubwa kikafunguliwa Binns Road, Liverpool.

Treni zilikuja mwaka 1920. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, soko la treni za kuchezea lilitawaliwa na Wajerumani, na baada ya vita pengo likabaki. Hornby akatoa treni zake za bati, zenye springi ya kutiwa ufunguo, zikipita kwenye reli zilizoachana kwa milimita 32.

Hapo ndipo kona zilipoleta kibarua. Reli halisi ya masafa marefu hupinda polepole, kwenye duara ambalo umbali kutoka katikati hadi ukingoni ni mamia ya mita. Hornby angefuata kipimo hicho kwa uaminifu, hata kwa treni iliyopunguzwa mara 43, mtoto angehitaji ukumbi wa shule. Wateja wake walikuwa na meza ya chakula na zulia la sebuleni.

Kwa hivyo aliikunja reli. Aliuza kona za saizi mbili. Ndogo ilikuwa futi 1 kutoka katikati ya duara hadi kwenye reli, na vipande sita vilikamilisha mzunguko. Kubwa ilikuwa futi 2, vipande kumi na viwili. Miaka ya 1930, treni zake ndogo kabisa zilipata kona ya inchi 9 pekee.

Piga hesabu uone. Duara la futi 1 lina upana wa futi 2, kama sentimita 61, basi linatosha mezani. La futi 2 lina upana wa sentimita 122, hapo meza nyingi zinashindwa na inabidi uteremke sakafuni. Ukikuza kona hiyo kubwa hadi saizi ya treni halisi, unapata kama mita 26 tu. Hakuna treni ya abiria ya kawaida ingeipita kwa kasi ikabaki relini.

Lakini kona kali ina gharama yake. Injini fupi ya magurudumu manne huipita bila shida. Injini ndefu hukwama au huanguka, na behewa refu hutoa tumbo lake nje ya reli katikati ya kona, likigonga chochote kilicho karibu. Ndiyo maana injini zake kubwa na mabehewa marefu vilidai kona ya futi 2. Ukinunua treni kubwa, ujue unanunua pia nafasi ya kuizungusha.

Hornby alitajirika, na kuanzia 1931 hadi 1935 akawa mbunge wa Everton. Aliaga dunia Septemba 21, 1936, akiwa na umri wa miaka 73.

Yaliyofuata yalionyesha kwamba somo la kona halikwepeki. Mwaka 1937 kampuni yake ilitoa injini ya kifahari, Princess Elizabeth, iliyohitaji kona ya futi 3. Duara lake peke yake lilikuwa futi 6, kama mita 1.83. Ilipendeza, ila nyumba ngapi zilikuwa na nafasi hiyo? Mwaka uliofuata kampuni ikageukia upande wa pili. Badala ya kupanua kona, ilipunguza treni yenyewe. Treni za Dublo zilitumia reli za milimita 16.5 na kona ya inchi 15. Treni ikarudi mezani.

Kipimo hicho cha milimita 16.5 ndicho treni nyingi zenye jina la Hornby hutumia hadi leo. Kona zake zina namba: ya kwanza ni milimita 371, ya pili 438, ya tatu 505 na ya nne 572. Zinaachana kwa milimita 67 kila mara, ili treni mbili zipishane bila matumbo ya mabehewa kugongana.

Kama unaishi bedsita na una ubao wa upana wa mita moja, namba mbili inakutosha: duara lake ni milimita 876, na pembeni inabaki nafasi ya behewa kuning'inia. Namba moja itakuokolea nafasi zaidi, lakini injini nyingi ndefu za siku hizi zitakugomea. Namba nne inapendeza kuliko zote, ila duara lake la milimita 1,144 litazidi ubao wako.

Kwa hivyo pima ubao kwanza, chagua kona pana kuliko zote zinazoingia, kisha ndipo utafute treni inayoiweza. Hornby alianza na meza aliyokuwa nayo mteja.