Nesi aliyehesabu wafu wake

Ukikaa Kibokoni au Kuze, mvua za Mei huhitaji kusimuliwa. Mtaro unafurika, kichochoro kinageuka mto, na nyumbani unaambiwa maji yachemshwe kwanza, kipindupindu hakina mchezo.

Mwezi huo huo, tarehe 12, manesi duniani kote husherehekea siku yao. Ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820.

Kwao walikuwa matajiri, Waingereza wenye mashamba na majumba. Wazazi walitaka aolewe atulie. Unesi enzi hizo ulionekana kazi duni, lakini yeye akakataa kata kata: nesi atakuwa.

Mwaka 1854 Uingereza ilikuwa ikipigana na Urusi kule Crimea. Florence akapelekwa na wanawake 38 hadi hospitali ya jeshi ya Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul. Walikuta majeruhi wamelala kwenye uchafu. Wakafua, wakapika, wakapiga deki. Usiku alipita vitandani na taa mkononi, na magazeti ya kwao yakamfanya malaika.

Wengi hadithi wanaiachia hapo. Wewe usiiachie.

Kwa kweli, msimu ule wa baridi wagonjwa walizidi kufa hapo hapo kwake. Mitaro chini ya jengo ilikuwa imeziba. Vifo vilishuka baada ya Machi 1855, wataalamu walipotumwa kuzibua mitaro na kusafisha maji.

Vita vilipoisha, angeweza kula sifa zake kimya kimya. Badala yake alikaa na mtaalamu wa takwimu, William Farr, wakapiga hesabu. Magonjwa ya kuzuilika yaliua askari wengi kuliko risasi, na hospitali yake ilikuwa miongoni mwa zilizoua zaidi. Hebu fikiria: nchi nzima inakuita shujaa, nawe umeshika karatasi yenye wafu wako.

Hakuificha. Mwaka 1858 aliwachorea wakubwa mchoro wa duara, kila mwezi na kipande chake, rangi ya buluu ikionyesha vifo ambavyo vingezuilika. Mwaka huo huo akawa mwanamke wa kwanza katika Chama cha Takwimu cha London. Mwaka 1860 shule yake ya manesi ikafunguliwa hospitali ya St Thomas', London. Alifariki 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90.

Sasa, wajibu wa nesi kwa jamii unapimwa vipi? Sisi hupima kwa tabasamu: huyu mpole, yule mkali. Florence alipima kwa kipimo kigumu zaidi: je, umehesabu waliokufa mikononi mwako, na umemwambia mwenye uwezo wa kuzibua mtaro?

Kwa hivyo siku ukiwa kwenye foleni, tumbo linakukata, na nesi anakuuliza unakaa wapi na maji unateka wapi, usimfyonye. Hapotezi muda. Mjibu vizuri, maana huenda jirani zako watatu wameshapita hapo na jibu hilo hilo.